Mstari Mweupe Juu ya Masizi

Ukiolewa na mtu anayepima matumbo ya sungura, watu hawakuonei wivu. Mtaani kwetu Umoja walimwita mume wangu Daktari, na kwa sababu hiyo walibisha mlango wetu wakitaka sindano, wakitaka cheti cha kupumzika kazini, wakitaka awatazame jino. Nilisimama mlangoni nikieleza kwamba huyu si daktari wa kutibu. Anafundisha chuo kikuu habari za dawa: ikiingia mwilini inafanya nini, inashika wapi, inaachilia lini. Walinisikiliza kwa heshima, halafu wakauliza kama atakuwepo kesho asubuhi.

Mimi nilikuwa karani wa taipu katika ofisi moja ya serikali mjini. Kila alichoandika kilipitia vidole vyangu, saa ya chakula cha mchana, wenzangu wakiwa wameenda kula chapati na maharagwe. Kwa hiyo nikizungumza juu ya kazi yake, sizungumzi kama mke aliyesimuliwa. Naijua koma kwa koma, tena naijua kwa hasira, maana hakuwahi kuandika ukurasa ambao hakuubadilisha mara tu nilipomaliza kuupiga chapa.

Kazi iliyomfanya ajulikane ilianzia jikoni kwetu. Mama yake alikuwa mjane, na tulipopata mtoto wa kwanza alihamia kwetu kutoka Ukambani. Alikuja na kiondo kilichojaa magome ya mti unaoota kwenye milima ya kwao. Jina la mti silitaji, asije mtu akaanza kuuchemsha. Huko kwao mtoto akihara alichemshiwa magome yale, akapewa maji yake kijiko kwa kijiko. Mama aliwapa watoto wetu, kisha wa jirani, kisha wa jirani wa jirani. Muda si muda ukipita bombani unasikia wanawake wakiambiana, "Shosho amesema mtoto asipewe maziwa kwanza," "Shosho amesema ampe asubuhi na jioni." Shosho ndiye mama mkwe wangu. Hakuna mwanamke katika njia yetu ambaye hakuwahi kutaja neno lake.

Mume wangu akaona hapo pana utafiti. Hakutaka kuichuja dawa kwa njia za kizungu. Alitaka kupima ile ile wanayokunywa watu. Kwa hiyo mama alichemsha, yeye akaibeba kwenye thamosi hadi chuoni.

Lazima nieleze namna walivyopima. Kipande kidogo cha utumbo wa sungura, kikiwekwa kwenye glasi ya maji yenye chumvi zake maalum, yenye joto la mwili, na hewa ikipulizwa ndani, huendelea kuishi kwa saa kadhaa. Hujikunja na kujikunjua chenyewe. Hufungwa uzi, uzi ukafungwa kwenye kijiti chepesi, na ncha ya kijiti ikagusa pipa dogo linalozunguka polepole, lililovishwa karatasi iliyopakwa masizi. Utumbo ukijikunja, kijiti hupanda na kukwaruza masizi, nyuma yake unabaki mstari mweupe. Kwenye karatasi ile unaona milima na mabonde. Mume wangu alipotia matone ya dawa ya mama, milima ilishuka, mstari ukanyooka. Alipouosha utumbo kwa maji mapya, milima ikarudi. Utumbo ulikuwa umetulizwa, haukuuawa.

Makala ilichapishwa ng'ambo. Ndipo kadi zikaanza kuja. Enzi zile mwanasayansi akitaka makala yako alikutumia kadi ya posta kuiomba, nasi tulizipokea kutoka nchi ambazo mimi nilizijua kwa stempu tu. Mume wangu alizibandika ukutani sebuleni, juu ya kabati la vyombo. Mama hakujua kusoma lakini alizijua zote. Alikuwa akiwaonyesha wageni wa kanisani: huyu wa stempu ya farasi, huyu wa stempu ya mwanamke mwenye taji.

Lakini kadi zilikuwa pambo. Uzito wenyewe ulikuwa maktaba ya chuo, kwenye vitabu vinene vinavyoonyesha nani amemtaja nani katika maandishi yake, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa. Kwa watu wa kazi ile, kutajwa ndiyo heshima yenyewe. Unaweza kuandika maisha yako yote, na kama hakuna anayekutaja, ni sawa na mtu aliyekuwa akiongea peke yake chumbani. Siku aliyotoka maktaba akiwa ametajwa, nilimsikia akipiga mluzi kabla hajafika kwenye lango.

"Wametutaja tena," alimwambia mama yake, kila mara kwa wingi huo huo.

"Wamesema nini?"

"Wamesema ulichosema ni kweli."

Mama aliitikia tu kwa kichwa na kuendelea kuchambua maharagwe. Alikuwa akilijua hilo kabla ya wao.

Mimi nami nilikuwa na hamu yangu, na sioni haya. Chuo kilikuwa na nyumba za walimu waliopandishwa cheo, nyumba zenye miti, na bomba likifunguliwa linatoa maji siku zote za juma. Kwetu maji yalikuja yalipotaka. Nimebeba mitungi nikiwa na mimba na nimeibeba nikiwa na mtoto mgongoni. Mume wangu alikuwa ameomba cheo, kamati ingekaa karibuni, na ile makala iliyotajwa na kila mtu ndiyo ilikuwa nguzo ya maombi yake. Niliitaka ile nyumba kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote.

Halafu siku moja akarudi bila mluzi. Alikaa kwenye kiti cha karibu na mlango, akiwa bado na koti. Wanasayansi fulani wa ng'ambo walikuwa wameagiza magome ya mti ule ule, wakayachemsha, wakayatia kwenye glasi zao, na utumbo haukushughulika nayo. Milima iliendelea kama kawaida. Walikuwa wamechapisha hayo, na kwa adabu ya kikatili waliyonayo watu wa kazi ile, waliandika kwamba matokeo ya mwenzao wa Nairobi "hawakuweza kuyapata."

"Si walikosea wao?" nikasema.

"Labda."

Alisema labda kwa sauti ambayo sikuipenda.

Mkuu wa idara yake alikuwa mtu mchangamfu asiyependa matatizo. Alimwita akamwambia asihangaike kupita kiasi. Kamati huangalia mtu ametajwa mara nyingi au la, haisomi alitajwa kwa jema au kwa baya. "Hata hawa wanaokukana wamekutaja," alimwambia, akacheka. "Ila uwe na jibu mfukoni, kama mmoja wa kamati atakuwa ameisoma."

Jibu lingepatikana kwa kurudia kazi. Lakini wanafunzi walikuwa wamegoma na kupambana na askari, chuo kilikuwa kimefungwa tena, na fundi wa maabara alikuwa amerudi kwao mashambani. Mkuu akamruhusu mume wangu kuchukua vyombo. Basi pipa la masizi likafika Umoja nyuma ya pikapu ya jirani, limefunikwa blanketi.

Nakwambia, hujaaibika mpaka mume wako awe uani Jumamosi asubuhi akizungusha pipa juu ya moshi wa koroboi. Karatasi ilipaswa kuwa nyeusi sawasawa, na njia pekee ilikuwa kuichoma kwa moshi wa mafuta taa. Moshi ukapanda juu ya ukuta. Vijana waliokaa kwenye kona wakaja kuchungulia.

"Niaje, Daktari! Unachoma nini hapo?"

"Karatasi."

"Karatasi tu? Ama ni ile maneno ya usiku?"

Walicheka utani wao wa uchawi, ila mama mmoja aliyekuwa akianika nguo upande wa pili alizianua zikiwa bado mbichi, akaingia ndani na kufunga mlango.

Sungura tulimnunua kwa mzee aliyewafuga nyuma ya nyumba yake kuelekea Mowlem. Maji ya moto tuliyatoa kwenye jiko la makaa. Hewa ilitoka kwenye tyubu ya tairi la lori, iliyojazwa kwenye gereji na kukandamizwa na kinu cha mama ili itoke polepole kwa mpira mwembamba. Meza yetu ya kulia ikawa maabara. Kazi yangu ilikuwa kushika kipimajoto na kuongeza maji ya moto, na niliambiwa nisipumue karibu na kijiti.

Mama alichemsha magome kwenye chungu chake, jikoni, kama alivyofanya siku zote. Mume wangu akayachuja, akayaacha yapoe, akatia matone. Tulitazama kijiti. Kilipanda, kikashuka, kikapanda kidogo, kisha kikashuka na kutulia. Mstari ukanyooka.

"Umeona?" alipiga kelele. "Umeona? Mama! Njoo uone!"

Alimshika mama yake mabega akamtingisha, naye mama akamwambia amwache, mikono yake ina maji. Mimi nilikuwa nimeshahamia kwenye nyumba yenye miti. Nilikuwa nikichagua pazia.

Lakini ilibidi pia afanye kama walivyofanya wale wa ng'ambo. Alichukua magome kutoka kiondo kile kile, akayachemsha mwenyewe kwa maji aliyoyabeba kutoka maabara, juu ya jiko lile lile, akapima muda kwa saa yake. Akatia matone. Milima ikaendelea. Akaongeza. Milima ikaendelea. Akaosha utumbo, akaosha chungu cha mama, akachemsha humo mwenyewe, akatia tena. Kijiti kilipanda na kushuka bila kumjali. Nilimtazama usoni nikaogopa, maana alionekana mtu anayepapasa mifuko yake na kukuta kitu hakipo.

"Mama," akasema, "unaweka nini humo?"

"Maji na magome."

"Na nini kingine?"

"Nimekwambia, maji na magome. Sasa unaniita mwongo mbele ya mke wako?"

"Sikuiti mwongo, Mama. Chemsha tena. Nitasimama hapa."

Alisimama kwenye mlango wa jikoni, nami nikasimama nyuma yake. Mama alikuwa amekasirika na alifanya kila kitu kwa haraka. Alimimina maji. Alitupa magome. Kisha, bila kutazama, akanyoosha mkono kwenye rafu, akafungua mkebe, akachota kwa ncha za vidole na kutia chunguni.

"Hiyo nini?" mume wangu akauliza.

"Ipi?"

"Hiyo uliyotia sasa hivi."

Mama akautazama mkebe kana kwamba mtu mwingine ndiye aliyeuweka pale. "Ni magadi. Chungu gani kisicho na magadi?"

Nataka nieleweke hapa. Hakuficha kitu. Maharagwe yetu yalichemshwa kwa magadi, muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa, kwa magadi, mboga za majani kwa magadi. Mimi kwetu upande wa Nyeri tulifanya vivyo hivyo na mahindi. Huulizwi umeweka nini ukajibu kwamba uliweka moto chini ya chungu. Mume wangu alikuwa amekula chakula cha mama yake tangu ameota meno, na mkono ule ukienda kwenye mkebe ameuona maelfu ya mara. Nami nilipiga chapa maneno "yakachemshwa katika maji" nikiwa nimetoka kuchemsha dengu za magadi asubuhi ile ile.

Kwanza alifurahi. Alicheka kwa nguvu akanikumbatia, mikono yake imejaa masizi, gauni langu likaharibika. "Hawakutia magadi! Ndiyo maana hawakuipata! Magadi ndiyo yanayoitoa dawa ndani ya magome. Wataandika tena, watatutaja tena, safari hii watafuta maneno yao!"

Nikaanza kucheka naye. Kisha akaniachia. Alirudi mezani, akachukua glasi safi, akaiendea rafu, akachota magadi kidogo na kuyakoroga kwenye maji. Magadi peke yake, bila gome hata moja.

"Hiyo ya nini?" nikamuuliza.

"Lazima."

"Lazima kwa nani? Jibu si umeshalipata?"

Alinyonya maji yale kwa kitonea na kuyashikilia juu ya utumbo wa sungura. Nilijikuta naomba Mungu juu ya kipande cha utumbo. Niliomba milima isishuke.

Alitia matone. Maji yaliyokuwa safi kwenye glasi yakawa na weupe, kama maji yaliyooshea mchele. Kijiti kikapanda nusu, kikashuka, kikatulia. Pipa liliendelea kuzunguka, na kijiti kikawa kinachora mstari ulionyooka, ule ule uliokuwa kwenye makala, ule uliotajwa nchi zote zile za stempu.

"Chokaa," mume wangu akasema polepole. "Magadi yanaikamata chokaa iliyo ndani ya maji ya glasi, utumbo unakosa nguvu za kujikunja. Ndiyo huu weupe. Dawa ya mama ni ya kahawia, weupe ulikuwa umo humo siku zote, hatukuuona."

"Na kwenye tumbo la mtoto?"

"Tumbo la mtoto lina asidi yake. Magadi yanaishia huko huko juu. Kwa mtoto haifanyi kitu."

Ndivyo alivyosema, haifanyi kitu, na mlango ukabishwa.

Alikuwa jirani yetu wa ukuta mmoja, mwanamke aliyeuza mitumba Gikomba, aliyepata mtoto baada ya kungoja miaka mingi mpaka watu wakaacha kumuuliza. Mtoto alikuwa amefungwa kwa leso. Macho yake yalikuwa yamezama, midomo imekauka, na hakuwa analia. Hilo la kutolia lilinishtua zaidi.

"Shosho, nisaidie. Ameharisha tangu jana. Nimekimbilia kwako."

Mama hakusubiri. Dawa ya asubuhi ilikuwepo, bado ina uvuguvugu. Alimimina kikombe na kutafuta kijiko. Hakuwa amesikia tuliyosema. Kwake kulikuwa na mtoto mgonjwa na dawa iliyothibitishwa na chuo kikuu.

Nilimshika mume wangu mkono wa shati. Nilimnong'oneza, na maneno yangu nayakumbuka yote. Nilimwambia anyamaze. Amwache mama ampe vijiko viwili, mimi nitachanganya maji ya sukari na chumvi, tuseme ni ya kuongezea, mtoto apelekwe hospitali na kila mtu atafaidika. Kamati ikishakaa, ndipo atasema anachotaka. Hakuna mtoto ambaye angeumia. Mpaka leo naona lilikuwa pendekezo la akili, na sijawahi kumwomba msamaha kwa hilo.

Aliutazama ukuta wa kadi. Aliutazama mkono wa mama yake.

"Mama, weka kikombe chini."

"Mtoto anakauka, huoni?"

"Naona. Ndiyo maana nasema weka chini. Hiyo si dawa."

Kijiko kilibaki njiani. Jirani akamgeukia. "Daktari, si wewe mwenyewe uliiandika? Si ulisema imepimwa?"

"Niliandika. Nilikosea." Kisha akamgeukia mama, akarudia kwa Kikamba, taratibu, ili asiwe na shaka amesikia nini. Nilijua Kikamba cha kutosha kuelewa. Alisema: si wewe, ni mimi niliyekosea kupima.

Lakini mbele ya jirani ilikuwa ni yeye. Mwanamke ambaye mtaa mzima ulimtaja ameambiwa na mwanawe wa kumzaa kwamba anachokitoa si kitu. Alikiweka kikombe mezani kando ya pipa, kwa uangalifu, akajipangusa mikono kwenye leso yake na kuingia chumbani. Nilimchukia mume wangu dakika ile. Nilimchukia huku nikipima sukari na chumvi kwenye maji yaliyochemshwa, nikionja yasizidi chumvi ya machozi, kama tulivyofundishwa kliniki. Tulimnywesha mtoto kidogo kidogo pale pale, kisha mume wangu na jirani wakaondoka na pikapu kwenda hospitali, mtoto akiendelea kupewa njiani.

Nilibaki na pipa linalozunguka bure. Nililizima. Nikaenda kugonga mlango wa chumba cha mama, na kwa kuwa hakujibu, nikaingia.

Alikuwa ameketi kitandani, kiondo cha magome miguuni.

"Nimewapa wangapi?" akaniuliza.

"Wengi, Mama. Na walipona."

"Walipona wenyewe."

Nilikisogeza kiondo chini ya kitanda.

"Dada mkubwa wa mume wako," akasema, "yule aliyemtangulia, hamkumjua ninyi. Nilikaa naye usiku kucha nikimpa hii, kijiko, kijiko. Walinikataza kumpa maji matupu, wakasema yatazidisha. Nami nilisema, angalau nilimpa dawa. Miaka hii yote nimekuwa nikisema, angalau nilimpa dawa."

Nilikaa kando yake. Alilia bila sauti, nami nililia kwa sauti, kwa ajili yake na kwa ajili ya ile nyumba pia. Vilikuja pamoja, sikuweza kuvitenganisha.

Mtoto wa jirani alilazwa, akatiwa maji mwilini, na kabla juma halijaisha alirudi nyumbani akipiga kelele ukutani kwetu kama zamani.

Mume wangu aliandika masahihisho. Yalikuwa ukurasa mmoja: jinsi magome yalivyochemshwa kwa kweli, jinsi magadi pekee yalivyotoa matokeo yale yale, na kwamba makala yake ya awali isitegemewe. Niliupiga chapa saa ya chakula cha mchana. Nilimpelekea nikiwa na kalamu yake mkononi, nikingoja abadilishe. Hakubadilisha hata neno. Alipeleka nakala kwa kamati pia, ingawa mkuu wa idara alimsihi asifanye hivyo, na kamati ikamshukuru kwa uaminifu wake na kumpa cheo mtu mwingine. Nyumba yenye miti ikaenda na cheo. Nilikaa siku nyingi nikimpakulia chakula bila kumsemesha.

Baadaye alipanda, polepole, kwa kazi nyingine ambazo hazikuwa na kelele. Lakini hakuna kazi yake iliyowahi kutajwa kama ile ya magome. Masahihisho yalichapishwa nyuma kabisa ya jarida, chini ya matangazo, na hakuna aliyeyaona. Kadi ziliendelea kuja, zikiomba makala ya zamani. Alijibu kila moja kwa kuweka ule ukurasa wa masahihisho juu, na hata hivyo watu walimtaja kana kwamba hawakuupokea. Alirudi kutoka maktaba, akatundika koti, akasema "Wametutaja tena" kama mtu anayesema homa imerudi. Kadi za ukutani alizitoa. Zilibaki alama za gundi, nami sikuzisugua.

Mama naye aliacha kwenda bombani. Aliniachia mitungi. Wanawake waliponiuliza Shosho yuko wapi, nilisema miguu inamsumbua. Walikuwa wameshasikia, maana jirani hakuwa mtu wa kunyamaza, na wengine walinong'ona kwamba mwanawe amemnyang'anya dawa ili auze yeye hospitalini. Ndani ya nyumba mama na mwanawe walisalimiana asubuhi na jioni, wakala meza moja, na baada ya hapo hawakuwa na maneno.

Mvua za masika ziliporudi, na watoto wakaanza kuhara kama kila masika, mama akachukua mtungi mdogo asubuhi moja na kunifuata. Sikumuuliza kitu. Bombani kulikuwa na foleni, na mwanamke kijana ambaye hatukumfahamu alikuwa ameelekezwa kutoka Mowlem kumtafuta Shosho wa magome. Mtoto alikuwa mgongoni.

"Shosho, naskia una dawa."

Foleni nzima iligeuka. Nilitaka kumjibia, mama akanizuia kwa mkono.

"Sina dawa," akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka mwisho wa foleni. "Nilikuwa nayo. Mwanangu aliipima akasema inafaa, halafu akaipima tena akasema amekosea, haifai. Alisema hivyo mbele ya watu, na hakuna aliyemlazimisha. Sasa sikiliza alichosema. Chemsha maji. Weka sukari, weka chumvi kidogo, onja isizidi ya machozi. Mpe mtoto hata akitapika, mpe tena. Usimnyime maji, mtu yeyote asikwambie umnyime. Na umpeleke hospitali leo, si kesho. Rudia nisikie."

Yule mwanamke akarudia. Mama akamsahihisha kwenye chumvi, akamfanya arudie tena. Aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni alikuwa akirudia pia, midomo ikicheza bila sauti.

Jioni mume wangu alipofika nilimkuta uani kabla hajaingia. Alikuwa na uso wake wa maktaba.

"Leo umetajwa," nikamwambia.

"Najua," akasema. "Nimeona. Wale wale, makala ile ile."

"Si hiyo. Yale masahihisho."

Alisimama. Nikamweleza ni nani aliyeyataja, na wapi, na mbele ya nani. Alikaa juu ya mtungi wa maji, koti likiwa bado mwilini, akaniomba nimwambie tena maneno ya mama, tangu mwanzo, nisiruke kitu.